Kaseti Niliyomrekodia Masanja

Nianze na hili: sinywi pombe, sijawahi kunywa, na siku hiyo sikuwa na homa. Tena ilikuwa mchana, saa saba, jua la Agosti likiwaka kweli kweli. Nayasema mapema kwa sababu kila niliyejaribu kumsimulia alitaka kwanza iwe usiku, iwe njia panda, na mimi niwe natoka kilabuni. Haikuwa hivyo. Nilikuwa dukani, Geita mjini, nimesimama nyuma ya kaunta nakula muhogo wa kuchemsha.

Duka lilikuwa la Mhindi mmoja tuliyemwita Baba Nasim, mtu wa swala tano na maneno machache. Aliuza redio, betri na tochi. Mwishoni mwa miaka ile ya tisini binti yake, Nasim, alirudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta yenye nyimbo nyingi ndani, akanifundisha kuzipanga na kuzihamishia kwenye kaseti. Mteja anachagua nyimbo zake, mimi natoa waya nyuma ya kompyuta, naingiza kwenye deki, narekodi. Yeye anaitia kaseti kwenye wokimani, kile kimashine cha kubana kiunoni na visikizio masikioni, anaondoka anatikisa kichwa barabarani. Mji mzima hakukuwa na mwingine wa kazi hiyo. Wachimbaji waliniita dada wa kompyuta, na mimi, Mungu anisamehe, nikajiona.

Mmoja wao alikuwa Masanja. Kijana mpole, wa kuitika "haya dada" hata ukimkosea. Alichimba dhahabu nje kidogo ya mji pamoja na kaka yake, Shija, kwenye duara, yaani shimo la kushuka wima kama kisima halafu linajikata pembeni. Masanja na wenzake walishuka chini. Shija alibaki juu, mdomoni mwa shimo, ameshika kamba. Sasa huyu Masanja alipenda muziki mpaka akawa anashuka nao. Anabana wokimani kwenye mkanda, anavaa visikizio, anapiga nyundo kwa mdundo wa gitaa.

Kaseti zangu zilikuwa na ugonjwa. Sauti ilitoka upande wa kushoto tu, kulia kimya. Wateja wakaanza kulalamika. Nikasafisha vichwa vya deki kwa pamba na spiriti, wapi. Nikabadilisha kaseti, nikabadilisha visikizio, nikahangaika ndani ya kompyuta na vile vipimo vya sauti vya kuvuta kushoto na kulia, wapi. Wiki mbili nzima. Wapo waliosema dada wa kompyuta kaishiwa maarifa, na neno lile lilinichoma kuliko lilivyostahili. Mtu mwenye kiburi huumwa na vitu vidogo.

Katikati ya wiki zile Shija alikuja dukani peke yake. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, hajui hata aweke wapi mikono yake kwenye duka la vioo.

"Dada, nina ombi. Hii hitilafu ukiitengeneza, ya Masanja usiitengeneze."

Nikacheka. "Kwa nini? Humpendi ndugu yako?"

"Anavaa vile vitu masikio yote mawili," akasema. "Kushoto anasikia nyimbo, kulia ananisikia mimi. Matimba yakianza kulia kule chini, mimi sina kengele. Nina mdomo tu."

Matimba ni yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo. Yakielemewa hutoa sauti kabla hayajakatika, na wachimbaji wanaijua sauti hiyo kuliko wanavyojua sauti za mama zao.

"Mwambie basi akishuka avue kimoja."

"Nimemwambia. Anasema ndiyo kaka, akifika chini anavivaa. Na wewe usimwambie nimekuja, ataona namfanya mtoto."

Nikamwambia aondoe shaka. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu. Akanishukuru, "wabeja sana," akainama kidogo kana kwamba nimempa kitu kikubwa, akaondoka.

Siku chache baadaye nikaupata ugonjwa. Ulikuwa kwenye waya, pale unapoingia kwenye pini, umepinda siku nyingi mpaka uzi mmoja umekatika ndani kwa ndani. Nikaufungua, nikauunga kwa risasi ya kuyeyusha, nikaufunga. Sauti ikaja pande zote mbili. Nilipiga vigelegele peke yangu mle ndani mpaka Baba Nasim akachungulia kuuliza kuna harusi ya nani.

Jumatano yake Masanja akaja na kaseti mpya.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, maana sitaki kujipunguzia. Kumrekodia upande mmoja haikuwa kazi. Pini moja nyekundu nyuma ya deki, unaivuta, basi. Nilikuwa nimeishika. Nilikumbuka maneno ya Shija neno kwa neno, sikusahau hata moja. Halafu nikamtazama yule kijana ameegemea kaunta, anangoja, na nikataka awe wa kwanza kusikia kazi yangu. Nilitaka anisifu. Nikaiacha pini mahali pake.

Nilipomaliza akavaa visikizio palepale. Uso wake nauona hata sasa. Akacheka kwa sauti kubwa, wanavyofanya watu wenye visikizio.

"Kumbe wako wawili!"

Alimaanisha wapiga gitaa. Ule wimbo aliusikiliza miezi na miezi kwa gitaa moja, la pili lilikuwa upande wa kulia muda wote na yeye hakulijua. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Je, ningemwambia nini wakati ule? Ningemwambia hivi: ukishuka, vaa kimoja. Maneno matatu. Sikuyasema, nikamwacha aende na furaha yake, na mimi na yangu.

Ijumaa hiyo Baba Nasim alizima jenereta, kama kila Ijumaa, akaenda msikitini. Adhana ilikuwa imeanza. Mlango wa mbele nilikuwa nimeurudishia nusu. Nikainua macho kutoka kwenye muhogo wangu, nikamwona Masanja amesimama mbele ya kaunta.

Sikushtuka. Kwa nini nishtuke? Alikuwa mteja. Nguo zake zilikuwa za kazini, amejaa vumbi la kijivu mpaka kwenye kope, na visikizio viko masikioni. Muziki niliusikia ukivuja, ule wimbo wa magitaa mawili.

"Mwadila, dada," akanisalimu kwa sauti ya juu. "Nirudishie upande mmoja. Simsikii kaka."

Nikafikiri wamegombana, Shija amemweleza. Nikaona aibu, na aibu yangu siku zote hutoka kama hasira. Nikamwonyesha kwa kidole kuwa jenereta limezimwa. "Rudi saa nane, umeme ukiwepo."

Hakusogea. Akainama juu ya kaunta, polepole, akanisogezea sikio lake la kulia mpaka likawa karibu na mkono wangu.

"Basi nitoe hiki tu."

"Kitoe mwenyewe. Huna mikono?"

Akanitazama. Mikono yake ilikuwa imenyooka ubavuni, imebana, na haikuinuka hata kidogo. Nikaona pia waya wa visikizio umening'inia kifuani, umefika kiunoni, na mwishoni hakuna kitu. Hakuna wokimani. Niliona, niamini, niliona kwa macho yangu, nikajiambia ameiweka mfukoni. Akili ya mtu ikitaka kula muhogo wake kwa amani hupata majibu ya kila kitu.

"Saa nane, Masanja," nikamwambia.

"Haya, dada," akasema.

Niligeuka kuchukua maji ya kunywa. Nilipogeuka tena hakuwepo, na muziki ukakatika.

Baba Nasim aliporudi alianza kugomba hata kabla ya kuvua kofia. Nani ameleta tope dukani? Nikatoka nyuma ya kaunta nikatazama. Nyayo za tope bichi, la kijivu, zilitoka mlangoni zikaja mpaka kwenye kaunta. Za kurudi hazikuwepo. Mvua hatukuwa tumeiona tangu Mei. Baba Nasim naye aliona kuwa zinaelekea upande mmoja tu. Akachukua ndoo na tambara akafuta mwenyewe, yeye ambaye sikuwahi kumwona ameshika tambara. Mpaka namaliza kazi kwake hatukulizungumza.

Saa nane Masanja hakuja. Jioni habari zikafika mjini kwamba shimo limeanguka.

Walimtoa Jumapili. Kwenye msiba watu walisema wanachosema siku zote, kwamba sikio la kufa halisikii dawa, kaonywa mara ngapi na muziki wake. Nilikaa kwenye mkeka na kina mama nikasikiliza, nikitazama chini. Sikio lake halikuwa la kufa. Lilikuwa zima mpaka Jumatano nilipoliziba mimi.

Baada ya matanga Shija akaja dukani. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa, alisema kwa mnong'ono. Akanieleza bila mimi kuuliza. Matimba yalianza kulia adhana ya Ijumaa ikisikika kutoka mjini, na yalilia muda mrefu. Wenzake Masanja wote walitoka, yeye alikuwa ndani kabisa, peke yake. Shija akalala kifudifudi mdomoni mwa shimo akaita, akaita, mpaka udongo ukashuka. Walipomfikia Masanja visikizio vilikuwa bado masikioni, na mikono ilikuwa imebanwa ubavuni na gogo.

Sasa umeelewa kwa nini nilikwambia adhana ilikuwa imeanza. Muda ule matimba yanalia, muda ambao mtu angeweza kutoka, Masanja alikuwa ameniinamia mimi. Alikuwa hai au alikuwa ameshakufa? Sijui, na hilo ndilo linaloniamsha. Ningenyoosha mkono nikamtoa kile kipande sikioni, pengine kule chini angesikia. Pengine asingesikia. Mimi nilimwambia saa nane.

Shija akaegemea kaunta, mahali palepale.

"Dada, ile kaseti. Ulimwekea upande mmoja, kama nilivyokuomba?"

Nikamwangalia usoni nikasema, "Ndiyo."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi ni mimi," akanong'ona. "Sikuita vya kutosha."

Ningeweza kulirudisha neno lile papo hapo. Lilikuwa bado halijafika mbali. Badala yake nikamwambia pole, kazi ya Mungu, nikamletea soda.

Nilipokuwa natembea kwenda nyumbani jioni hiyo, sikio langu la kulia likaziba. Halikuuma. Lilikuwa kama mtu ameweka kiganja. Nimekwenda hospitali, nimekwenda mpaka Mwanza, wamechungulia kwa mataa yao wakasema sikio ni zima halina kasoro. Zima, na halisikii kitu. Isipokuwa Ijumaa adhana ya mchana ikianza. Hapo husikia gitaa, lile la pili, na chini yake, mbali sana, mtu anaita jina. Gitaa huanza pamoja na adhana na huisha udongo unaposhuka. Najua ni udongo. Nimeusikia mara nyingi mno nisiujue.

Sikurekodi kaseti tena. Niliacha kazi mwaka huohuo, nikahamia Ushirombo, nikaolewa, nikalima. Na hebu fikiri: miaka michache baadaye Shija naye akahamia Ushirombo, akanunua shamba nyuma ya letu. Ni mzee sasa. Sauti ilimrudia, lakini tangu siku ile hasemi na mtu kwa sauti ya kawaida. Anapaza. Anaomba chumvi kwa kupaza, anaamkiwa shikamoo anaitikia marahaba ya kusikika mtaa wa pili. Watoto wanamcheka, wanasema babu ana kelele. Mimi peke yangu najua anamwita nani na kwa nini anaogopa kutosikika.

Wewe unayenisikiliza, mtu akikuomba umwachie kitu kibovu kilivyo, muulize sababu, na akikupa sababu, ishike. Usitengeneze ili usifiwe. Na kama umeshadanganya, kaseme leo, wala usingoje umeme urudi. Mimi nakupa ushauri huu na mwenyewe bado sijaenda kusema, kwa hiyo usinione mwalimu.

Maana Shija ananipenda kama dada yake. Anajua sikio langu moja halifanyi kazi, hajui kwa nini. Kila tukikutana njiani huzunguka, na miguu yake mibovu ile, akaja kusimama upande wangu wa kushoto, ndipo ananisalimu. Anasema hataki nipate taabu ya kumsikia.