Chaneli Moja kwenye Kona ya Tongxiao

Lai Chin-mu sasa amestaafu, na akipita na pikipiki yake kwenye kona ya kilima cha Tongxiao hupunguza mwendo, ingawa barabara haina magari. Siku hizi simu hazikatiki hapo. Zamani zilikatika kila mara, na siku hizo za zamani anazikumbuka mpaka moyo unamuuma.

Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la kampuni ya simu, kupima mawimbi, huku akiongea kwa simu na Yueh-chiao, aliyekaa ofisini Miaoli akitazama kwenye kompyuta jinsi simu inavyoachwa na mnara huu na kupokelewa na ule. Kunyamaza kuliharibu kipimo, kwa hiyo waliongea. Hali ya hewa ilipowaishia, wakaingia kwenye figili za chumvi za mama yake Yueh-chiao, kisha kwenye ndoa ya Chin-mu iliyovunjika. Ana kwa ana, bwana huyu alikuwa bubu; alimwekea chai mezani na kutoroka.

Kisha Yueh-chiao akahamishiwa Taipei. Chin-mu aliazimia kumwomba asiende, waoane. Safari yao ya mwisho iliangukia msimu wa mahujaji wa Mazu, mungu wa kike wa bahari, barabara imefurika watu, kila mmoja na simu sikioni. Chaneli za mnara wa mbele, yaani nafasi zake za kubeba simu, zilikuwa zimejaa, na kila simu iliyotoka mnara wa nyuma ilikuwa ikikosa pa kuingia, inafia konani.

"Yueh-chiao, nina neno," alisema, jasho likimtoka. "Nimelikalia miaka."

"Ngoja kwanza, Kaka Lai. Umefika kwenye kona?"

"Naiona."

"Basi utakatika, na nakujua, hutalirudia. Nakuwekea chaneli moja huko mbele, asiichukue mwingine. Bosi akikasirika shauri yake, kesho mimi sipo."

Chin-mu akakata kona. Sauti ikavuka bila hata mkwaruzo.

"Haya, nakusikia," Yueh-chiao alisema taratibu. "Sema."

Mahujaji walimpungia mkono. Kila mara aliposogea karibu na neno lile, kona ilimwokoa. Leo kona haikumwokoa, na mwanamke aliyemfungulia njia alikuwa anasubiri.

"Sauti ni safi," Chin-mu alisema. "Andika kipimo kimepita."

Vitufe vya kompyuta ya Yueh-chiao vikalia.

"Nimeandika, Kaka Lai," alisema, akakata simu.