Neno Moja Kwenye Ukuta wa Haji Shazli

Saa moja asubuhi, Jumanne. Dahi Abdelmawgud amesimama juu ya pipa lililopinduliwa, brashi mkononi, anamalizia bawa la ndege. Ukuta ni wa Haji Shazli Hammam, katika kijiji cha Naga Sawaqi, ng'ambo ya magharibi ya Nile. Chini ya ndege kuna Kaaba, ngamia na taa mbili za kijani. Kati ya taa yameandikwa majina mawili, la Haji na la mkewe Sikina. Kando ya jina la Haji pana nafasi tupu.

Kinawi, mtoto mkubwa wa nyumba hiyo, anatoka na birika la chai na kuitazama ndege.

"Ami Dahi, madirisha sita tu? Abiria wengine wamekaa gizani?"

"Wamelala," anajibu Dahi bila kugeuka.

Dahi ana miaka sitini na mitatu na hajawahi kupanda ndege. Kwa hesabu ya daftari lake, amepaka kuta mia moja na sitini na moja za mahujaji. Ukuta mmoja humchukua siku nne na kumpa pauni elfu tatu na mia tano, na msimu mzuri huwa na kuta tisa. Miezi mingine hupaka milango na mabango ya maduka.

Mahujaji wanapokuwa safarini, nyumba yao hupakwa, na wakirudi sharti wakute kazi imekwisha. Kando ya jina huwekwa neno moja la sifa. Litakaa hapo hadi chokaa ibanduke, pengine miaka ishirini, na kila apitaye atalisoma. Wapaka rangi wengi huandika neno analotaka mwenye nyumba. Dahi huuliza kwanza watu watatu wasiolala chini ya paa hilo.

"Watu wanadhani maneno haya yote ni mamoja," anasema. "Mwenye ibada ni yule unayemwona msikitini. Mcha Mungu anamwogopa Mungu hata pale wewe humwoni. Mwenye ikhlasi anatenda jema na hata mkewe hajui. Mwaminifu ndiye rahisi kumjua. Mwachie kitu chako, ondoka, kisha rudi."

Utaratibu huo ulitokana na kosa, na kosa lenyewe alilifanya kwenye ukuta huu huu.

Miaka ishirini na mitatu iliyopita, Shazli alipokwenda hija yake ya kwanza, Dahi aliandika kando ya jina lake, kwa nila, rangi ya bluu, neno "Mwaminifu". Hakumuuliza mtu. Hatua kumi na moja kutoka hapo, ng'ambo ya kichochoro, aliishi Bahiya, msichana wa miaka kumi na minne. Baba yake, ndugu wa Shazli, alikuwa amefariki na kumwachia shamba la ngano. Shazli alilichukua alilinde, akalilima kama lake.

"Kila nikifungua mlango nalisoma lile neno," anasema Bahiya, ambaye sasa ana miaka thelathini na saba na anaoka mkate wa kuuza. "Nilikuwa najua kusoma vizuri. Ndiyo hasara ya kupeleka binti shule."

Dahi alipata habari baada ya mavuno mawili. Hakuweza kufuta, kwa kuwa ukuta una mwenyewe.

Miaka minne iliyopita Shazli alirudisha shamba, pamoja na hati, mbele ya baraza la wazee. Hakuna aliyemshtaki. Ilikuwa imepita miaka kumi na tisa. Mwaka huu amekwenda hija ya pili, safari hii na mkewe. Wanawe wamepiga chokaa upya. Basi la mahujaji litafika Alhamisi baada ya Alasiri, na Kinawi anataka lile neno lirudi mahali pake.

"Ami, neno lipo tangu zamani. Andika lile lile."

"Lile niliandika bila kuuliza."

"Basi uliza, lakini Alhamisi si mbali."

"Wa kwanza kuulizwa ni Bahiya."

"Bahiya ni damu yetu, ni wa nyumba hii! Si wewe unayesema watu wa nje?"

"Mlipokuwa mnavuna ngano yake hakuwa wa nyumba hii," anasema Dahi, na kuchovya brashi.

Kinawi anaweka birika chini. Ng'ambo, Bahiya anapanga mabonge ya unga juani ili yaumuke. Amesikia kila neno. Anajifuta mikono na kuvuka kichochoro.

"Shamba alilirudisha," anasema. "Hilo nitalishuhudia popote. Lakini angekuwa mwaminifu, nisingelisubiri miaka kumi na tisa."

Mwalimu Bishara, mstaafu ambaye ni Mkristo pekee wa kichochoro hicho, ameketi kwenye benchi la udongo na gazeti lake. Anajaribu kupatanisha. "Basi mcha Mungu?"

"Mcha Mungu angeogopa mwaka wa kwanza, mwalimu."

"Mtawa?"

"Ana watoto tisa na trekta mbili!"

Hata Kinawi anacheka. Kisha anasema, "Mwenye ibada, basi. Hilo hulipingi."

"Silipingi. Swala haikumpita hata siku moja. Hata siku za kuvuna ngano yangu."

Kinawi hacheki tena. "Binti ami, sikiliza. Baba ana miaka sabini na minane. Atashuka kwenye basi mbele ya kijiji kizima. Akikuta jina lake tupu, mmemrudisha barazani kwa mara ya pili. Ndivyo unavyotaka?"

Bahiya anageuka. Anautazama ukuta, anasoma majina yote mawili.

"Na Bi Sikina mmemwandikia nini?"

Hakuna aliyelifikiria hilo. Mke aliyekwenda na mumewe, desturi ni kwamba neno la mume huwatosha wote wawili.

"Kila mavuno, mwaka hadi mwaka, nilikuta magunia ya ngano mlangoni kabla ya Alfajiri," anasema Bahiya. "Sehemu yangu kamili. Yamefungwa kwa kamba ya manyoya ya mbuzi, nyeusi na nyeupe. Nani mwingine anasokota kamba ile hapa? Hakuniambia, na mimi sikumuuliza. Neno lenu lile la uaminifu mpeni yeye."

Kinawi anatoa simu, anampigia baba yake aliyeko Madina na kumweleza habari ya magunia na neno. Sauti ya Haji inasikika kichochoro kizima, kwa maana masikio yake ni mazito na huongea kwa kelele, simu ikiwa kwenye kipaza sauti.

"Nani amesema hivyo?"

"Bahiya, baba."

"Mwambie Dahi aandike," anasema Haji. "Nilikuwa naona magunia yanapungua ghalani. Sikuuliza."

"Na kwako, baba, tuandike nini?"

"Jina langu lipo. Linatosha."

Nyuma yake sauti ya mwanamke inadakia: "Mnaandika nini huko? Dahi mmempa chakula?"

Mchana huo Dahi aliwauliza watu wengine wawili, msagaji wa kinu na mkunga wa kijiji. Wote wawili waliwahi kuziona zile kamba kwenye magunia ya Bahiya. Jumatano asubuhi alikoroga nila na kuandika "Mwaminifu" kando ya jina la Sikina. Nafasi iliyo kando ya jina la Haji aliiacha nyeupe.

Alhamisi, Haji Shazli alishuka kwanza kwenye basi. Alisimama mbele ya ukuta, akausoma taratibu, akatikisa kichwa kukubali, akaingia ndani. Sikina alibaki nje na mizigo. Hajui kusoma. Alimwona Bahiya mlangoni kwake akamwita kwa mkono.

"Njoo, mwanangu. Hilo la bluu linasemaje?"

Bahiya alivuka zile hatua kumi na moja, akamsomea. Sikina aliuliza mara ya pili, akasomewa tena. Kisha akajifunika mdomo kwa ncha ya shela.

"Na ndege," alisema hatimaye, "mbona madirisha machache hivyo?"

Dahi alikuwa amekwisha kuosha brashi. Katika daftari lake kuna kuta kumi na nne alizoziandika kabla hajaanza kuuliza, na tisa kati yake bado zimesimama. Anakusudia kuzipitia moja moja msimu huu wa baridi, na kubisha hodi kwenye milango inayotazamana nazo. Jina lake mwenyewe limo kwenye bahati nasibu ya nafasi za hija kwa mwaka wa saba.

"Likitoka," anasema, "atakayepaka ukuta wangu aanze kuuliza kwa Bahiya."