Hodi kwenye Mlango wa Kioo

Jengo jipya la ofisi za serikali hapa Songea lina ngazi pana na mlango wa kioo, lakini mlango huo wanapita viongozi tu. Sisi wengine tunazunguka nyuma, kando ya vyoo.

Jumanne nikiwa nazunguka nilimwona mama mmoja, aliyetoka Madaba na mgogoro wa shamba, akipanda zile ngazi. Alivua ndala, akazipanga pembeni, akaita, "Hodi!"

"Mama, wananchi wanapita nyuma," mlinzi akamwambia.

"Kwetu anayepita nyuma ya nyumba ni mwizi au mchawi. Mimi nimekuja mchana kweupe. Hodi!"

"Nimesema hapa hapapitwi!"

"Wewe nimekusikia, baba. Nawaita wenye nyumba." Akaita mara ya tatu, kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde.

Ndani alikuwa anapita ofisa mmoja na kikombe chake cha chai. Bila hata kugeuka, akaitikia kama alivyolelewa: "Karibu!"

Mama akamtazama mlinzi. "Umesikia? Nimekaribishwa." Akasukuma kioo, akaingia peku.

Mlinzi akasogea kando, maana mtu akishakaribishwa humfukuzi. Sisi tuliokuwa tunazunguka tukarudi mbele, tukavua viatu, na hodi zetu nadhani zilisikika mpaka mtaa wa Lizaboni.

Nasikia sasa wanataka kubandika tangazo la kutukataza. Wabandike. Pale hatuendi kusoma, tunakwenda kubisha hodi.