Zamu ya Maji Kikwe

Iko siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, na jana ulipokuja kuniambia kwamba unataka kuongeza saluni wakati tayari una duka na mradi wa kuku, ndiyo iliyoninyamazisha. Sikuwa nakupinga.

Nilikuwa kijana. Nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kijenge, mashine ya kusaga Ngaramtoni, na huko Kikwe nililima shamba la mama: nyanya, vitunguu na maharage. Mama alikula kutokana na shamba lile. Kama ujuavyo, maji ya mfereji huenda kwa zamu. Zamu yako ikipita, unangoja mpaka izunguke tena, na jua halikungoji.

Asubuhi hiyo zamu ilikuwa yetu. Mara simu ikaita: mkanda wa mashine Ngaramtoni umekatika, wateja wamejaa. Badala ya kumwagilia sehemu moja mpaka ishibe ndipo nifungue nyingine, kama tulivyofundishwa tangu utotoni, nikafungua njia zote tatu kwa pamoja ili nimalize haraka. Kisha nikasimama kando, simu sikioni, nikiwaelekeza wa Ngaramtoni na kuwajibu wa Kijenge.

Shangazi Anaeli, dada yake baba, alikuwa anatoka kukata majani ya ng'ombe. Akanikuta hapo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hayo maji unayapeleka wapi?"

"Kote, shangazi. Nataka niwahi Ngaramtoni."

"Kote! Haya, nipeleke nikaone huko kote."

Tukatembea. Kila njia ilikuwa na tope mwanzoni tu. Katikati udongo ulikuwa umeshayanywa maji yote, na mbele yake ni vumbi. Nyanya zilikuwa kwenye maua. Jirani wa chini yetu, ambaye zamu yake ilifuata, alikuwa ameshafika na jembe begani. Akacheka: "Tajiri, malizia basi. Mimi sina simu ya kunichelewesha."

"Funga njia mbili," shangazi akasema. "Chagua mwenyewe."

Nikafunga ya vitunguu na ya maharage. Maji yote yakaingia kwenye nyanya. Simu ikaita tena.

"Huko Ngaramtoni umemwacha nani?"

"Frida." Huyo ni binti wa mjomba wangu, ndiye aliyekuwa akisaga.

"Hajui kufunga mkanda?"

"Anajua. Ila nimemkataza kugusa kitu bila mimi."

"Basi si mkanda ulioisimamisha mashine. Ni wewe umeisimamisha."

Nikamwambia Frida anunue mkanda mwingine, aufunge. "Si ungesema tangu asubuhi, kaka," akajibu. "Watu wameshaanza kubeba mahindi yao."

Nyanya tuliziokoa. Vitunguu vilidumaa, na maharage yakakauka kabla zamu haijarudi. Mama hakunilaumu. Msimu ule alikula maharage ya kununua, na kila nilipokaa naye mezani niliyaona.

Shangazi hakuniambia niuze mashine wala nifunge duka, nami sikuambii uiache saluni. Ila usiifungue leo. Kuku wako bado wanakutegemea wewe kwa kila kitu. Wape nguvu zako zote mpaka wasimame. Dukani una msaidizi mzuri: mwambie mapema ni yapi anaweza kuamua bila wewe, kisha mwache aamue, hata akikosea kidogo. Ukiwa bandani, uwe bandani. Itakuwapo siku ambayo kimoja lazima kingoje. Siku hiyo kichague mwenyewe, kwa akili iliyotulia, usiache jua likuchagulie.

Mungu akubariki, mwanangu. Azijalie kazi za mikono yako, akupe watu waaminifu wa kuzishika nawe, na zamu yako ikifika, ikukute umesimama penye maji.