Mlango wa Tatu Kushoto

Jumamosi moja shangazi wa mume wangu, Barasa, alifika kwetu Kibera kutoka Bungoma, akaingilia mlango wa mbele, akaketi kitandani kwa jirani yetu Mutua, kisha akaanza kulalamika kwamba chai inachelewa. Mutua alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, chai utakunywa, lakini kwa Barasa ni kule!"

Kosa halikuwa la shangazi; tulimwambia mlango wa tatu kushoto, tukasahau kumwambia aingilie nyuma. Nyumba ile ilijengwa na babu wa mwenye nyumba, askari Mnubi, enzi za mkoloni: kuta za udongo, baraza mbele, baraza nyuma, korido katikati, vyumba vitatu kila upande. Mbele na nyuma kulikuwa sawa kabisa. Ukiingilia mbele, mlango wa tatu kushoto ulikuwa wa Mutua. Ukiingilia nyuma, wa tatu kushoto ulikuwa wetu. Mzee yule alijua kupitisha upepo, lakini wageni aliwatesa bure.

Wiki iliyofuata matokeo ya kura yakatangazwa, vita vikazuka. Nani alimpiga nani, sikuelewa. Asubuhi moshi ulitoka upande wa reli, mchana upande wa mtaa wa Ayany. Watu walikimbilia kule kule ambako wengine walikuwa wanatoroka. Nilichojua ni kwamba Mutua hakuwahi kuficha alivyopiga kura, na mtaani walimtaja.

Tulijifungia.

Vijana wakaja na mapanga, kwa nyuma.

"Ni ya tatu, left," mmoja alisema.

Wakaupita mlango wa Mutua. Wakavunja wetu.

"Wewe ndio Mutua?"

"Huyu si Mutua!" nilipiga kelele.

"Sasa Mutua ako wapi?"

Barasa alinitazama. "Nyamaza," akaniambia.

Nikanyamaza.

Walimkata, wakatokea mbele. Mutua ndiye aliyembeba mgongoni kuelekea Ayany, akilia kwa Kikamba. Barasa alikata roho kabla hawajafika barabarani.

Alitaka kumwokoa Mutua? Au aliogopa kwamba nikiendelea kusema watanigeukia mimi? Najiuliza mpaka kichwa kinauma, na mwenyewe hayupo nimuulize.

Siku hizi naishi Gatina. Kila Krismasi Mutua huniletea ndengu kutoka Machakos. Nafurahi kumwona, kweli nafurahi. Halafu naona mvi kichwani mwake na hasira inanipanda, kwa sababu Barasa hakupata hata moja.