Redio ya Bibi Ndani ya Ndege Yetu

Enzi zetu sisi wa mtaa wa Amani, mtoto akitaka ndege alikuwa anaiunda. Wanangu leo wanarusha ndege kwa kidole gumba, wamejilaza kwenye kochi, na chaji ikikata wanalia kama wamefiwa. Yetu ilikuwa na mabawa ya bati, na ukijikata unajikata kweli.

Tuliiunda uani kwa Bibi, mimi na Haroub, mtoto wa mama yangu mkubwa. Mwili ulikuwa masanduku ya mbao, mbele tumefunga feni mbovu, na kiti cha rubani ni mbuzi kuukuu ya kukunia nazi, tumeing'oa chuma chake kwa usalama wa abiria. Haroub alijipa urubani bila kuulizwa. Mimi nikajipa ufundi, na roho yangu yote ikawa kwenye ule ubao wa mbele ya rubani. Niliutoboa matundu, nikapachika saa mbovu na vifuniko vya makopo ya maziwa vyenye mishale niliyochora kwa mkaa. Likabaki tundu moja kubwa katikati.

"Ndege bila redio ni banda la kuku," Haroub akasema.

Sasa redio nyumbani ilikuwa moja tu, ya Bibi, yenye betri nne kubwa ambazo zikichoka tulizianika juani kama dagaa. Bibi alipokwenda sokoni, nikaichukua. Jirani yetu mmoja, mchukuzi wa mizigo uwanja wa ndege, alishatwambia kwamba kila kitu ndani ya ndege hukazwa kisicheze. Basi nilikaza! Niliiweka nyuma ya ubao, nikaizungushia mpira wa baiskeli, nikapiga misumari ya inchi tatu na kuipinda ncha, halafu tukaifunika pua yote kwa bati. Fundi mzima, wala sikujiuliza itatokaje. Niliacha upenyo wa kujipenyeza mimi tu, tena kwa tumbo.

Saa saba kasoro kidogo nikasikia naitwa.

"Naam, Bibi!" nikaitika kutoka ndani ya pua ya ndege.

"Redio yangu iko wapi?"

Hapo ndipo nikakumbuka saa. Dada yake Bibi, Bi Tatu, alikuwa mgonjwa Makunduchi, na simu hatukuwa nayo. Kila siku baada ya habari za saa saba redio ilisoma vifo, na hivyo ndivyo watu walivyojua kama wavae wakimbilie mazikoni. Bibi hakukosa hata siku moja.

Haroub akamwonesha pua ya ndege. "Wanaizaya nyie! Itoeni!"

Tulivuta, tukatikisa, wapi! Waya mmoja ukachomoka, redio ikanyamaza. Nikajipenyeza, nikaubana waya kwenye betri kwa kidole, ikasema, lakini kwa sauti ya kunong'ona. Bibi aliitazama ile ndege, akakunja buibui lake, akapanda, akakaa kwenye mbuzi na sikio ubaoni. Vifo vikasomwa vyote. Bi Tatu hakutajwa.

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha akamgeukia Haroub. "Haya rubani, mbona huondoki? Mie nnakwenda Makunduchi."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Fimbo niliyoisubiri haikuja, na ubao akakataa usivunjwe, eti redio inasikika vizuri humo kuliko kabatini. Muongo mkubwa! Tangu hapo, kila saa saba, tukawa na abiria. Haroub alimfunga mkanda wa kanga, na mimi nalala kifudifudi puani, kidole kwenye waya. Ningeweza kuuunga ule waya kwa dakika mbili, lakini ningebaki na kazi gani?

Siku moja msomaji akaanza: familia fulani ya Makunduchi inasikitika kutangaza kifo cha Bi Tatu binti... Nikaachia waya. Sikupanga, kidole kiliondoka chenyewe. Mle ndani nilisikia pumzi za Bibi tu, upande wa pili wa ubao. Nilidhani redio ikinyamaza, Bi Tatu atakuwa hajafa.

"Shika waya, mwanangu," akasema taratibu. "Nshasikia. Tujue wanazika saa ngapi."

Nikashika, huku nalia. Wanazika alasiri. Bibi aliteremka, akaondoka vilevile alivyo, na akawahi kumuona dada yake uso kabla hajafunikwa.

Siku hizi misiba inanifikia mkononi, nimesimama dukani nasubiri mkate. Picha ya marehemu, maua, na watu wameshaandika pole chungu nzima kabla sijajua ni nani. Wanangu wananambia simu yangu ni ya kisasa, inajua kila kitu. Sawa, inajua. Lakini haijawahi kunionea huruma ikanyamaza, hata kwa sekunde moja.