Tuta la Mpakani

Nimetoka kwangu Mutsamudu, msomaji wangu, nikafika Moroni, nikachukua teksi hadi juu ya Ikoni kulitazama tuta letu, hata mizigo sijaitua. Halipo.

Lilikuwa tuta la mawe meusi na udongo, refu kuliko mtu mzima, lililotenganisha nchi mbili za wafalme ambao hata majina yao yamesahaulika. Wafalme walikwisha, mpaka ukabaki. Upande wetu lilikuwa shamba la Koko, ndivyo nilivyomwita bibi yangu, mama wa mama, maana kwetu ardhi hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Nilipanda naye mlimani kupalilia, na kila jiwe lililoporomoka alitaka nilirudishe kabla sijala. Kisha tulikula mataba, kisamvu cha nazi, yamepoa tayari, na hadi leo sijaonja kitamu zaidi.

Zama za mamluki, askari wa kukodiwa walioishika nchi yetu, mzungu mwenye sare nyeusi alikuja na lori kuchukua mawe ya kujengea kambi. Aliulizia mwenye shamba. Baba akasema ni la mkewe, yeye pale kaoa tu. Mjomba akasema ni la mama yake. Mzungu akadhani anachezewa, uso ukamwiva. Mji mzima uliwaogopa watu wale.

Koko alipanda juu ya tuta na sinia lake la mihogo, akaketi, akaendelea kumenya.

“Mwambie mwenye shamba ni mimi,” alimwambia mjomba, aliyejua Kifaransa. “Na baada yangu, huyu mjukuu. Mawe yakiondoka, ataonyesha nini?”

Majirani wanawake wakapanda mmoja mmoja, nyuso zao za njano kwa unga wa liwa waliojipaka, wakaketi. Jioni lori likaondoka tupu.

Miaka mingi baadaye, aliyeyapata mawe ni mpwa wangu, kijana mwema, anayemjengea dada yake nyumba kama ada yetu inavyomtaka kaka.

“Mama mdogo, msingi huu hautikisiki,” aliniambia kwa fahari. Bunduki iliposhindwa tulidhani tumemaliza kazi, na hakuna aliyekaa na watoto kuwaambia tuta lilikuwa la nini. Sasa mihogo ya jirani imefika mlangoni pa binti yetu huyo, na hakuna wa kumwonyesha jirani mwisho wake.

Mimi naujua ulipo. Kwa hiyo wiki hii sirudi Mutsamudu. Nimemwambia mpwa wangu mawe yaliyobaki asiyaguse. Mimi nitayapanga, na dada yake atanipokeza.